Kata nywele, badilisha nguo, ila mwendo wake uache

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi iliyopita kabla hatujaanza mashindano yetu. Watu kadhaa wameniomba niiweke kwenye maandishi, basi nimeiandika kama nilivyoongea, sijaipiga pasi.

Habari zenu wadau. Shikamooni kaka na dada zangu mlionitangulia, nawaona pale mbele, na nyie wadogo zangu mliokaa chini kwasababu viti vimeisha, poleni, mi mwenyewe nimekulia kwenye sakafu ya banda la gemu kwahiyo mko sehemu sahihi kabisa.

Nimeombwa niongelee gemu za miaka hii ya karibuni na hasa hili suala linalotugombanisha kila trela, ile video fupi ya kutangaza gemu, ikitoka, la wahusika kubadilishwa muonekano. Trela inatoka usiku, asubuhi tunaamka kila mtu ana hasira, huyu kanyolewa, yule kaongezwa nguo, yule sura sio yake, yule kanenepa. Mi nina msimamo wangu kwenye hili na nimeubeba muda mrefu, leo nataka niuseme wote. Ila ili mnielewe inabidi nianze na tivii.

Mbagala nilipokulia kulikuwa na banda la gemu, mabati na mbao, mabenchi mawili, PlayStation ya kwanza ile ya kijivu, na tivii ya chogo inchi 14. Ile tivii rangi zilikuwa zimekufa, kila kitu kijani. Mwenye banda alikuwa anaipiga kofi ubavuni, rangi zinarudi sekunde kumi hivi, alafu kijani tena. Mchezo mmoja mia mbili, ukishinda unabaki, ukipigwa unapisha mwingine. Sasa fikiria mnacheza Tekken 3, ile gemu ya kupigana, kwenye tivii ya namna ile. Jin kijani. Hwoarang kijani. Paul na zile nywele zake zilizosimama, kijani. Sura huioni, macho huyaoni, nguo ya rangi gani hata ukiulizwa hujui.

Na bado hakuna siku hata moja tuliyokosea nani ni nani. Xiaoyu akigeuza mgongo tu tunajua anachotaka kufanya. King akinyoosha mikono kukamata, mtu wa nyuma kabisa anapiga kelele "anakukamata huyo, bonda!" Alafu Eddy. Eddy Gordo alikuwa hahitaji hata kuanza kupigana, akisimama tu anayumba, mguu huu nyuma, ule mbele, mkono usoni, yule mtu hatulii, na kama una mdogo wako wa miaka sita ambaye hajui kombo hata moja, yaani kuunganisha mapigo, mpe Eddy umwambie abonyeze zile batani mbili za mateke, X na duara, basi, anawamaliza wakubwa wote bandani. Ilifika mahali mwenye banda akachukua kipande cha boksi akaandika kwa mkaa EDDY HARUHUSIWI, akakitundika juu ya tivii kwa waya. Nakiona mpaka leo kile kiboksi, kona moja imeliwa na mchwa.

Kwahiyo msimamo wangu umetoka pale, na ni huu. Mhusika ni mwendo wake. Nguo badilisha, nywele kata, hata sura ukitaka badilisha ila uwe na sababu. Lakini ukigusa anavyosimama, anavyotembea, anavyorusha teke, anavyoanguka, hapo umemuua, umetuletea mtu mwingine kabisa alafu umempa jina la marehemu. Mi Eddy namjua kwa vidole, jicho langu lilikuwa linaona kijani tu.

Na ule mwendo wa Eddy haukuja kwa bahati. Tekken 3 iliingia kwenye mashine za sarafu mwaka 1997, PlayStation ikaja 1998, na Namco, wenye Tekken, walimtafuta mwalimu wa kweli wa kapoeira, ule mtindo wa kupigana kama unacheza ngoma, Mbrazil anaitwa Marcelo Pereira, wakanasa mwili wake anavyocheza ndo wakampa Eddy. Kwenye stori Eddy alijifunza kapoeira gerezani, alibeba kesi isiyo yake baada ya baba yake kuuawa, kuna mzee akamfundisha humo ndani. Sisi stori hatukuijua, Kiingereza hakikuwepo na mwenye banda alikuwa anaruka zile video ili mia mbili nyingine iingie haraka. Lakini ule mwili ulikuwa unaongea, uliona kabisa huyu mtu kafundishwa na mtu.

Sasa Tekken 8 ilipotoka tarehe 26 Januari 2024 ikaja na wahusika 32 na Eddy hayumo. Mi niliumia. Aprili mwaka huohuo akaja, wa kulipia, nikalipia na nilikasirika kulipia kwasababu huyu ni mtu niliyekua naye. Watu wakaanza palepale, ooh kavaa nini, ooh nywele. Mi nilichofanya nilimweka kwenye mazoezi, nikaweka pedi ya kuchezea mezani nikamwacha asimame peke yake. Alikuwa anayumba. Mguu huu nyuma, ule mbele. Nikamwita mke wangu aje aone, akaniuliza naona nini, nikamwambia huyu ni yuleyule.

Na kuna ushahidi mwingine kutoka Tekken 8 hiyohiyo ambao kwangu unamaliza ubishi. Aprili 2025 walianza msimu wa pili na apdeti kubwa. Hakuna aliyebadilishwa sura, hakuna aliyenyolewa. Walichogusa ni namna ya kupigana, kila mtu kapewa mapigo mapya ya kushambulia na kulazimisha mwenzio abahatishe juu au chini, mpaka ukawa unacheza na mtu mmoja kwenye miili 30 na kitu. Mliona kilichotokea? Wachezaji wa kulipwa walikasirika, watu wa kawaida walikasirika, hasira ambayo hakuna nywele iliyowahi kuileta, na ikabidi watoe marekebisho ya haraka mwezi huohuo. Wale watu walikuwa wanatetea mwendo, hata kama wenyewe hawakutumia neno hilo. Yaani mtu amecheza Lars miaka kumi na tano, unampa Lars anayewaza kama mtu mwingine, atakaaje kimya.

Tuje kwenye sura, maana najua kuna mtu ananiona nakwepa. Spider-Man ya studio ya Insomniac ilitoka 2018, Peter Parker ana uso wake, tukamzoea. Novemba 2020 wakatoa toleo lililoboreshwa kwa ajili ya PS5, Peter kabadilishwa uso mzima, sura ya kijana mwingine kabisa. Sababu waliyotoa ni kwamba uso mpya unakaa vizuri zaidi na uigizaji wa Yuri Lowenthal, yule anayemtolea sauti. Mi nilikuwa nacheza na mpwa wangu, tuliimaliza ya kwanza pamoja, na ile siku nilipowasha hii mpya, tukafika pale Peter anapovua kinyago, mtoto akanigeukia, "Mjomba, huyu nani?"

Nikakosa jibu. Akiwa na kinyago alikuwa yeye, anavyobembea, anavyojirusha kichwa chini kutoka kwenye ghorofa, yote sawasawa. Akivua kinyago ni mgeni. Kwahiyo mnaona sisemi sura haina maana. Nasema ukiibadilisha katikati ya stori ileile, ambayo watu walishalia nayo, na ile stori ina kifo cha mtu anayempenda na alilia kwa uso ule wa kwanza, umemnyang'anya mchezaji kitu chake. Spider-Man 2 ilipokuja Oktoba 2023 nilikuwa nimeshamzoea, naikubali kinoma, ila ile ya kwanza mi narudi kwenye toleo la 2018, na mpwa wangu pia.

Alafu GTA, zile gemu za magari na uhalifu. Hapa nitaongea taratibu maana nina machungu. San Andreas ya 2004, nani humu hajawahi kuendesha ile baiskeli ya mwanzo kabisa kwa CJ, steringi wake? Ile gemu ilikuwa kila mahali, kwenye PS2, kwenye kompyuta za intaneti kafe, karatasi ya kodi za kuchiti imekunjwa imechakaa mfukoni. Novemba 2021 wakatuletea zile tatu pamoja, GTA III, Vice City na San Andreas, zimeboreshwa, wakasema. Tukafungua. Watu wamekuwa kama midoli ya plastiki, mikono minene, macho yanang'aa, mvua inanyesha kama nyuzi nyeupe huoni barabara. Rockstar, wenye gemu wenyewe, waliomba radhi ndani ya wiki moja na kitu na wakayarudisha matoleo ya zamani kwenye duka lao la kompyuta.

Ila kuna kitu kidogo pale ambacho kwangu ndo picha kamili ya tatizo. Kuna duka la donati linaitwa Tuff Nut, na juu yake kuna nati kubwa, nati ya boliti, ile yenye pembe sita, jina lenyewe ndo linasema hivyo, nati. Kwenye toleo jipya ile nati imekuwa duara. Pembe zimelainishwa zote. Mtu anayejua anachokitazama hawezi kuifanya nati kuwa duara, hata fundi baiskeli wa hapo nje hawezi. Inaonekana kitu kilipitishwa kwenye mashine ya kulainisha, mashine ikaona kona kona ikadhani ni uchakavu wa picha za zamani, ikazisaga. Na sura za watu nahisi zilipita njia hiyohiyo. Ndo nikaelewa, wale hawakuwachukia wale wahusika, ila hakuna aliyekaa akawatazama.

Kusema haki, baadaye ilitengenezwa, toleo la simu lilikuja Desemba 2023 likiwa na mwanga ule wa zamani, na Novemba 2024 konsoli na kompyuta nazo zikapata. Anga la machungwa la Los Santos limerudi. Nimefurahi, ila miaka mitatu mingi.

eFootball, ile ya mpira, sitakaa, mnaijua. Septemba 2021, Messi na Ronaldo wale wenye sura za ajabu waliotuonyesha siku ya kwanza, tuwaache walale. Ila oneni kitu kimoja, miezi kadhaa baadaye ilipotulia, watu walirudi sio kwasababu sura zimekuwa nzuri, walirudi mpira ulipoanza kutembea kama mpira. Leo humu ukisema kila mwenye eFootball kwenye simu anyooshe mkono, ukumbi unajaa mikono.

Street Fighter 6, nayo ya kupigana, kwangu ndo shule ya hili jambo. Imetoka tarehe 2 Juni 2023 na karibu kila mkongwe amebadilishwa. Ryu ana ndevu na vazi la kimonaki begani. Ken, tajiri yule, kachakaa, nywele timtim, anakimbia kesi aliyosingiziwa. Cammy kakata nywele zile ndefu alizokuwa akisuka mikia miwili na kavaa suruali ya mazoezi na jaketi. Pale kwa Cammy ndo kelele zilikuwa nyingi, na mi nataka niseme waziwazi kwa vijana wenzangu wa kiume humu ndani, kelele nyingi zilikuwa za kijinga. Kuna watu walikuwa wanalilia mapaja na wanasema wanatetea historia ya gemu. Mi nimemcheza Cammy tangu nikiwa shule. Lile teke lake la kuzunguka linaloenda juu lipo, lile la kujirusha kama msumari lipo, na akishinda bado anakugeuzia mgongo. Kavaa suruali, basi. Dada yangu mdogo ambaye zamani alikuwa anaona aibu kumchagua mbele ya watu sasa ndo anamtumia, na ananipiga, na hiyo kwangu ina uzito kuliko mikia miwili.

Sasa Elena. Hapa mnivumilie nitakaa.

Elena ni Mkenya. Aliingia kwenye Street Fighter III mwaka 1997, mwaka uleule wa Eddy, binti wa chifu, mrefu, nywele nyeupe, miguu peku, na anapigana kapoeira kama Eddy, kwa miguu tu. Yaani mikono anaitumia kusimamia, lakini kupiga ni miguu, mpaka akikukamata anakukamata kwa miguu. Enzi zile Capcom, wenye Street Fighter, walikuwa wanachora picha moja moja kwa mkono, na Elena walimchora picha nyingi kiasi kwamba akisimama tu anacheza kama maji kwenye ndoo unayoibeba, hakuna mtu kwenye gemu ile anayetiririka kama yeye. Mi nilimwona mara ya kwanza kwenye kompyuta ya rafiki, nikamwambia rudisha, rudisha, nataka nimwone amesimama tena. Na tulivyosikia ni wa Kenya, jirani hapo, mtu unaweza kupanda basi asubuhi ukafika kwao, ilikuwa kitu kikubwa sana kwetu, hata sisi Watanzania tulimchukua tukamfanya wetu.

Akarudi 2014 kwenye Ultra Street Fighter IV, na sasa tarehe 5 Juni 2025 ameingia kwenye Street Fighter 6. Kabla ya trela niliogopa, nilidhani watamfanya mgumu gumu, watamsimamisha kama askari. Trela ikaanza. Nguo mpya, sawa, na wale wanaotaka za zamani wamewekewa. Nywele nyeupe zipo. Alafu akasimama, na yale maji kwenye ndoo yapo, miaka 28 baadaye, sasa ni ya kompyuta hayachorwi kwa mkono lakini yapo, bega linashuka, nyonga inafuata, kisigino kinagusa kinaondoka. Pale nilishukuru kwa sauti.

Lakini kuna swali ambalo nimekuwa nalo tangu 1997 na nataka niliseme mbele yenu. Mkenya na kapoeira wapi na wapi? Kapoeira imezaliwa Brazil, imetengenezwa na Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wengi wao kutoka upande wa Angola. Mzizi ni wa Afrika, naheshimu, ila sio wa Kenya. Wale wachoraji wangefika Ukambani, kwa Wakamba wa Kenya, wangekuta vijana wanacheza ngoma wanapinduka hewani, wanaruka sarakasi juu ya mabega ya wenzao, kitu hujawahi kuona. Wangefika huku pwani wangekuta kirumbizi, watu wawili na bakora zao wanazungukana, ngoma na zumari vinawaendesha, unampiga mwenzio ukifuata mdundo na yeye anakinga akifuata mdundo. Ile ni gemu tayari! Ina duara lake, ina muziki wake, ina watazamaji wanaopiga kelele, imekosa pedi tu.

Sasa msije mkanielewa vibaya, sisemi Elena abadilishwe apewe ngoma ya Wakamba. Hapana, nitakuwa nakiuka nilichosema mwenyewe. Kapoeira yake ilianza kama makosa ya watu wasioijua Afrika vizuri, lakini miaka 28 imepita, vidole vyetu vimeshaijua, ule ndo mwendo wake na azikwe nao. Ninachotaka ni mwingine aletwe. Mleteni kijana na bakora. Mleteni Mmakonde na kinyago chake cha mapiko. Na wamtafute mtu wa kweli wamnase mwili kama walivyomfanyia Eddy, sio mchoraji akae ofisini akiwazia.

Na mwendo, kwangu, una ndugu yake ambaye ni sauti. Resident Evil 5 ya mwaka 2009, ile gemu ya kutisha, mnaikumbuka, steringi Chris na mwenzake yule dada Sheva Alomar, sehemu ya kutunga huku Afrika inaitwa Kijuju, na wale maadui wanaitwa Majini. Majini! Neno letu kabisa. Na wanaongea Kiswahili. Siku ya kwanza tulivyoicheza hatukupiga risasi, tulisimama kusikiliza, tukauawa palepale, tukarudia, tukasimama tena. Tulikuwa tunacheka kwa furaha. Furaha ile ilichukua kama saa moja ndo ikaanza kunikaa vibaya, kwamba lugha ya mama yangu kwenye gemu kubwa la dunia nzima nimeisikia mara ya kwanza kwa watu ninaotakiwa kuwapiga risasi ya kichwa. Wenye akili wote wanaongea Kiingereza, wanaobweka wanaongea Kiswahili. Na Sheva, ambaye ndo steringi wa Kiafrika, vazi lake mojawapo la ziada ni la chui na mapambo ya porini. Mi Sheva namtaka arudi kwa nguvu zote, akirudi avae anachovaa mtu anayekwenda kazini, na aongee.

Kwahiyo mtaelewa kwanini Aprili 2024, gemu moja ndogo tu ya pembeni ilinikalisha chini. Tales of Kenzera: Zau. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyemtolea sauti Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Alimpoteza baba yake, na gemu nzima imetoka kwenye msiba ule. Zau ni mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nirudishie Baba, na Kalunga anamwambia niletee roho tatu kubwa zilizonikatalia. Na unaweza kuicheza kwa Kiswahili, watu wanaongea Kiswahili, stori nzima.

Niliweka Kiswahili, nikakaa na pedi mkononi. Lile neno Baba kutoka kwenye mdomo wa steringi, sio jini, sio adui, mtoto anamwita baba yake, mi wangu alifariki 2016 na sikuwa nimejiandaa. Nikasimamisha gemu nikaenda kunywa maji.

Na muone alivyotengenezwa. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Akivaa cha jua anaenda karibu, moto mikononi, mwili mzito unaingia ndani ya adui. Akibadilisha cha mwezi anakaa mbali, anarusha vipande kama vya kioo, mkono umenyooka, mwili mwepesi. Sura ni moja, kijana ni mmoja, na umemjua kavaa kipi kwa kumwangalia mabega tu. Ile tivii ya kijani ya Mbagala ingemwelewa Zau. Gemu yenyewe fupi, maadui wake wanajirudia, mwisho mwisho kuna kukimbizwa kulikonitoa jasho bila sababu, hayo nayasema kwasababu naipenda. Kilichoniudhi ni matusi ya ubaguzi ambayo studio ilipokea mpaka Salim mwenyewe ikabidi atoke kuyaongelea hadharani. Watu walewale waliosema wanatetea wahusika.

Na walewale ndo waliomshukia Yasuke kwenye Assassin's Creed Shadows, Machi 2025. Yasuke ni mtu wa kweli, Mwafrika aliyefika Japani 1579 akamtumikia Oda Nobunaga, mtawala wa kivita wa kule. Mi ubishi ule sikuuingia, nilimwangalia anavyotembea. Ni mzito. Mlango haufungui, anaupitia. Ile ruka maarufu ya gemu hizi, ambayo kila steringi kabla yake anatua kwenye nyasi kama njiwa, yeye anatua kwa kishindo anavunja vitu, anainuka anajikung'uta. Mtu aliyetengeneza ile ruka alimheshimu Yasuke, alijua mwili wa ukubwa ule na silaha zile utatuaje.

Wengine nawapitia tu muda umeenda. Donkey Kong kwenye Bananza ya Julai 2025, sura mpya baada ya kukaa na ile ya tangu 1994, mi naiunga mkono, sasa anaonekana ana furaha, na anavyopiga ngumi ukuta mpaka unabaki vumbi ndo sokwe niliyekuwa namtaka. Mortal Kombat 1 ya Septemba 2023, hapa sikilizeni, Scorpion ndani ya kinyago sio Hanzo tena, ni Kuai Liang, yule ambaye zamani alikuwa Sub-Zero! Wamebadilisha mtu mzima. Na nilimwangalia jamaa yangu akicheza wiki tatu bila kujua, kwasababu kamba inarushwa vilevile, unavutwa vilevile, moto uleule. Nilipomwambia alikataa. Alibisha mpaka nikamfungulia stori.

Basi, pedi ziko tayari na wanaocheza raundi ya kwanza naona wameshaanza kunyoosha vidole. Ila kabla hatujaanza nataka nifanye kitu kimoja na nyie, dakika mbili. Kijana uliyekaa na rimoti hapo, zima taa za mbele. Asante. Sasa nenda kwenye mpangilio wa skrini, toa rangi zote, shusha mwanga, shusha, shusha tena, mpaka tubaki na vivuli. Hapohapo. Sauti pia zima.

Haya, nyie mliokaa chini mnajibu kwanza, wakubwa mnyamaze. Huyo wa kushoto, hajarusha hata teke, amesimama tu. Nani huyo?